Kofia ya Darubini

Kama ungechungulia uani kwa Mzee Milimita jioni ile, ungedhani kuna msiba mdogo. Viti vitatu vimepangwa mstari mmoja, vikombe vya chai vinapoa juu ya stuli, hakuna anayesema, na mbele ya viti kijana mmoja amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji amekumbatia bomba jeusi.

"Hivi hili si bomba la choo?" Shangazi akauliza.

"Ni la maji machafu, Shangazi," kijana akajibu, jicho moja kalifumba. "Lakini halijawahi kuifanya kazi hiyo. Hii ndiyo ajira yake ya kwanza."

Sindano, aliyesimama nyuma ya kiti cha baba yake, akamkata jicho. Asubuhi alimwambia mara tatu: leo hakuna utani. Hata kidogo. Hata ukiwashwa, jikune.

Sindano ni jina alilopewa na kijana huyohuyo, mtaa ukalidaka. Alikuwa fundi cherehani, mwembamba, na mdomo wake ukiamua kuchoma, unachoma. Kijana naye mtaa ulimwita Mnajimu, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Mchana alisugua lenzi kwenye duka la miwani lililotazamana na chumba cha kushonea cha Sindano. Jioni alikaa nyuma ya chumba chake cha kupanga na darubini aliyoiunda kwa mikono yake, bomba la plastiki, mbao za kitanda kibovu, na kioo cha duara alichokisugua miezi saba mpaka kikawa kinakusanya nyota.

Walivyojuana? Miezi mitano nyuma aliingia kwa Sindano akaagiza gauni.

"La nani?" Sindano aliuliza.

"La mpenzi wangu."

"Vipimo unavyo?"

"Ninavyo. Kifua sitini. Kiuno sitini. Nyonga sitini. Urefu mita moja na robo."

Sindano akaweka chaki chini. "Kaka yangu, huyo mpenzi wako ni mtu au ni nguzo?"

"Ni bomba."

Akacheka mpaka akajikunja juu ya cherehani. Aibu aliyoificha ni kwamba kabla ya kucheka, kwa muda wa kupumua mara moja tu, alikuwa ameshamwonea wivu huyo mwenye kiuno cha sitini. Ndipo alipojua ameumia.

Basi gauni likashonwa. Likafuata koti la mvua la darubini. Na wiki hii, kama zawadi ya jioni ya leo, Sindano akaishonea kofia, kitambaa cheusi kizito chenye lastiki ukingoni, cha kuvisha mdomo wa bomba ili vumbi lisiingie kwenye kioo.

Ikumbukeni hiyo kofia. Jioni nzima iliharibikia hapo, na ikatengenekea hapohapo.

* * *

Shida ilikuwa mwenye duka la vigae.

Huyo alikuwa chaguo la Shangazi. Mtu wa miaka arobaini, ana duka, ana gari, ana shingo. Watu wake walitaka jibu Jumapili ijayo, na Shangazi alikuwa ameshachagua mpaka rangi ya viatu vyake yeye mwenyewe.

"Huyu wako ameacha chuo mwaka wa tatu," Shangazi alikuwa akimwambia Sindano kila walipokuwa wawili. "Fizikia, sijui nini huko. Mama yake akaugua, akarudi kumuuguza, vizuri, Mungu ambariki. Mama amepona, yeye chuo hakurudi. Sasa mtu aliyeacha chuo mwaka wa tatu, ndoa ataiacha mwaka wa ngapi?"

"Shangazi, ndoa haina mitihani."

"Haina mitihani?" Shangazi akacheka kwa uchungu. "Haya. Olewa uone."

Na juu ya hayo, Mnajimu alikuwa na rekodi. Kwenye duka la miwani alibandika ule ubao wa kupimia macho, herufi kubwa juu, ndogo chini, na mstari wa mwisho, ule wa kusomwa na mwewe, akaandika: KAMA UNAISOMA HII, NENDA NYUMBANI, UNATUPOTEZEA MUDA. Kisha akamwambia Shangazi kwamba kwa darubini yake anaona ndani ya chungu chake kumepikwa nini. Shangazi akafunika vyungu kwa blanketi wiki nzima. Alipogundua, alimtafuta na mwiko mtaa mzima.

Lakini aliyemnyima Sindano usingizi hakuwa Shangazi. Alikuwa baba yake.

Mzee Milimita alipima ardhi miaka thelathini na minne. Mpaka leo watu wakigombana kuhusu ukuta, humwita yeye, na akisimamisha kigingi, ugomvi umekwisha. Jina lake ndilo lililokuwa mali yake. Na alikuwa na tabia moja ambayo mafundi wote wa mtaa waliijua. Kazi aliyoikataa hakuikosoa. Aliitazama, akasema "ahsante", akaondoka zake. Kazi aliyoikubali ndiyo aliyoitafutia makosa, mpaka fundi anatamani kulia. Gauni la kwanza la Sindano alilikosoa siku tatu, mkono huu, kola hii, pindo hili. Siku ya nne akamnunulia cherehani.

Kwa miezi mitano, Mnajimu alipopita na kusalimu, mzee aliitikia vizuri, akamtazama juu hadi chini, akasema:

"Ahsante, kijana."

Hakuwahi kumwambia hata kwamba shati lake halikupigwa pasi. Na halikuwa limepigwa!

Sindano aliingoja kasoro moja tu kutoka kinywani mwa baba yake kama watu wanavyongoja barua. Wapi. Hatimaye wiki iliyopita mzee alivuka barabara mwenyewe, akaingia duka la miwani, akasema: "Watu wanasema unachungulia madirisha ya watu. Jumamosi jua likizama, leta hicho chombo uani kwangu. Jioni moja. Nikione mwenyewe."

Na Jumamosi ndiyo hii.

* * *

"Tayari, mzee," Mnajimu akasema, akiinuka na kupangusa magoti. "Ile pale, juu ya paa la jirani, hiyo inayotulia bila kumetameta. Ndiyo Zohali. Kwa macho ni nyota tu. Humu ndani ina pete."

"Nimalize chai," mzee akasema.

"Hebu niambie kitu," Shangazi akaingilia. "Hiyo nyota inasemaje kuhusu mimi? Maana nasikia mnapiga ramli."

"Shangazi, Zohali iko mbali sana. Habari zako haijazisikia."

"Mbali wapi! Habari zangu zimefika mpaka kwa wakwe." Akainuka, akaubeba mto wa kiti chake na kuupiga makofi mawili matatu. "Viti hivi vina vumbi, jamani, nani anavifuta?"

Vumbi likapanda kama moshi. Sindano, roho ikamruka, akakumbuka kioo, miezi saba ya kusugua. Akachomoa kofia mfukoni, akaivisha mdomo wa bomba haraka. Giza lilikuwa limeshaanza kushika. Kitambaa cheusi, bomba jeusi, mdomo mweusi. Mnajimu alikuwa amegeuka, anamweleza Shangazi kwamba hapana, hawezi kumtajia namba za bahati.

Mzee akaweka kikombe. Hakukiweka moja kwa moja. Kidole chake kilitangulia, kikaigusa stuli, kisha kikombe kikafuata. Sindano aliona, kama alivyoona mara nyingi, na kama siku zote hakufikiria lolote.

"Ngoja niirudishe katikati, mzee, nyota hazingoji mtu," Mnajimu akasema. Akalengea kwa kile kidarubini kidogo cha ubavuni, akasogeza bomba unywele mmoja, akarudi nyuma na mikono akaifunga mgongoni kama mwanafunzi. "Karibu. Jicho hapa. Usilishike."

"Kijana, nimekula mkate wa darubini kabla hujazaliwa."

Mzee akainama. Mkono mmoja gotini, mwingine juu ya bomba. Sindano akasikia chai ikimshuka Shangazi kooni.

Sekunde tano. Kumi. Mabega ya mzee yakashuka kidogo, kama mtu aliyepokea habari.

"Nimeiona," akasema.

Mnajimu akatabasamu mpaka masikioni. "Na pete, mzee?"

"Na pete. Safi kabisa. Imezunguka vizuri."

Moyo wa Sindano ukapaa. Akainua macho amtazame mpenzi wake kwa furaha, na njiani macho yakapita mdomoni mwa bomba.

Kofia ilikuwa juu yake.

Hakuna Zohali. Hakuna pete. Baba yake alikuwa anatazama ndani ya kofia.

Mambo madogo madogo yakaanza kujipanga kichwani mwake, mbiombio, kama vifungo vinavyoingia kwenye matundu yake. Nisomee, mama, miwani nimeiacha ndani. Na miwani iko kwenye paji la uso. Kazi tatu alizozikataa mwaka huu akisingizia magoti. Kidole kinachotangulia kikombe. Baba yake haoni. Baba yake haoni, na hajamwambia mtu.

Akamtazama Mnajimu. Mnajimu alikuwa ameshaiona kofia. Tabasamu limemkauka usoni. Macho yao yakakutana juu ya mgongo wa mzee aliyeinama, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Sindano hakuona hata chembe ya mzaha machoni mule. Aliona mtu anayeuliza: nifanye nini?

Angesema "samahani, kofia", Shangazi angejua papo hapo kwamba kaka yake amedanganya. Na kitu kikishajulikana na Shangazi, kesho asubuhi kinajulikana mpaka na wauza mkaa. Mpima ardhi haoni! Nani atamwita tena kusimamisha kigingi? Na ubaya mwingine, nani angeamini ni bahati mbaya? Yule wa ubao wa macho? Yule wa vyungu? Wangesema amemtega mzee wa watu mbele ya mwanawe.

Mzee hakuwa na haraka ya kuinuka. Mkono wake uliokuwa juu ya bomba ulitambaa taratibu kwenda mbele, mazoea ya mtu wa vyombo, ukafika mwisho, ukarudi. Kisha akanyoosha mgongo.

"Haya, na mimi," Shangazi akasema, na alikuwa ameshasimama. "Nipishe, kaka. Nione hilo jambo lililonyima watu raha."

Hatua mbili tu. Hatua mbili na Shangazi anaona giza na anapiga kelele.

Mnajimu akajikwaa.

Kujikwaa gani huko! Mtu alikuwa amesimama wima, hakuna kilichomgusa, mara miguu ikapishana, akaenda na stuli, vikombe vikaruka, bega lake likalipiga bomba likazunguka na kutazama ukuta wa jikoni, na yeye mwenyewe akatua kwenye saruji kwa makalio, chai imemwagika kifuani.

"Uwii!" Shangazi akaruka nyuma. "Kijana! Umelewa?"

"Samahani, Shangazi. Miguu imegongana."

"Miguu imegongana, kwani uko na mingapi? Sketi yangu!"

Shangazi alikuwa ameinama anapangusa sketi. Sindano akalishika bomba kana kwamba analizuia lisianguke, na mkono wake ukapita mdomoni, ukaing'oa kofia, ukaisokomeza mfukoni.

Mnajimu alikuwa bado chini. Shati jipya, ameazima. Alimtazama Sindano kutoka huko chini, chai inamchuruzika, akafumba jicho moja kidogo sana.

Sindano akataka kulia. Hakuwahi kumpenda mtu kiasi kile, tena mtu aliyelowa.

Mzee akavitazama vile vikombe vilivyovunjika, au upande vilikokuwa. Akamgeukia Mnajimu.

"Ahsante, kijana," akasema.

Lilelile la kazi iliyokataliwa.

* * *

Ilichukua dakika kumi kuitafuta Zohali upya. Shangazi akainama akiwa amenuna, maneno ya kanga yamejaa mdomoni.

Kisha yote yakamdondoka.

"Weeee!" akasema. "Wee! Ipo! Kumbe ipo kweli! Jamani ni hereni! Kaka, si ni hereni tupu? Nani ameining'iniza huko?" Akatoa jicho, akatazama mbinguni kwa macho matupu, akarudisha jicho. "Na imekaa tu! Siku zote hizi ninaanika nguo hapa, imekaa tu hapo juu, haisemi!"

"Haisemi, Shangazi," Mnajimu akasema kwa upole.

"Nyamaza, unaniharibia." Alikaa pale mpaka mgongo ukamkatalia. Alipoinuka, alikuwa na uso wa mtoto. "Huyu wa vigae," akasema, akijisemesha, "sijui kama amewahi kuiona." Kisha akajishika. "Lakini vikombe vyetu utavilipa, kijana, usidhani!" Akatoka mbio, lango likajibamiza. Ilikuwa lazima amwambie mtu kabla hajapasuka.

Sindano akakusanya vipande vya vikombe, akaingia jikoni. Dirisha la jikoni linatazama uani. Akafungua bomba la maji, akalifunga. Vyombo vingeweza kungoja.

"Kijana," akasikia baba yake akisema. "Kaa."

Kiti kikalia.

"Hii sakafu unayoikanyaga, unajua nani aliipima?"

"Wewe, mzee."

"Mimi. Nilisimama na mafundi siku mbili. Ukimwaga maji hapa katikati hayajui yaende wapi. Haina pa kujikwaa. Hata milimita." Akagonga sakafu kwa kisigino. "Uliona nini mpaka ukaanguka?"

Sindano akashika ukingo wa sinki.

"Nilizubaa tu, mzee."

"Wewe kudanganya hujui. Mtaani wanasema bingwa wa utani, na uongo mdogo huu unakushinda. Nakuuliza mara ya pili, kwa sababu kwenye kazi yetu kipimo kimoja hakitoshi. Unapima kwenda, unapima kurudi. Nilipotazama mimi, chombo kilikuwa wazi au kimefunikwa?"

Hapo Sindano akaelewa kwamba maisha yake yamekaa kwenye kile kiti pamoja na yule kijana. Akidanganya, mzee amemkamata. Akisema kweli, amemwambia mtu mzima, uani kwake, kwamba haoni.

"Kilikuwa kimefunikwa, mzee."

"Nani alikifunika?"

"Mimi. Nilisahau kuondoa."

"Ni mimi, baba!" Sindano akajikuta amesimama mlangoni na kipande cha kikombe mkononi. "Ni mimi niliyefunika, Shangazi alipopiga vumbi. Yeye hakujua. Usimseme yeye."

Wote wawili wakageuka. Mzee hakukasirika. Alionekana mchovu, na kwa namna fulani mwepesi.

"Njoo ukae, mama," akasema. "Hicho kikombe kiache, utajikata."

Akaja akakaa. Mzee akasugua macho yake kwa viganja.

"Miaka miwili," akasema. "Ilianza kama kioo chenye mvuke. Nikasema itapita. Nikajifunza kufanya kazi kwa kukumbuka. Leo nilipoinama pale nikaona giza, nikajua ndiyo imefika. Basi, nimekwisha. Nikasema neno la kwanza lililonijia, maana ningesema nini mbele ya dada yangu?" Akacheka kidogo bila furaha. "Kisha huyu kijana wako akaanguka kama gunia."

"Mzee," Mnajimu akasema. "Naomba kusema kitu."

"Sema. Chai umeshamwaga."

"Siku ile ulipokuja dukani, ulisimama mlangoni, mwanga ukakupiga usoni. Niliona ukungu kwenye mboni zako zote mbili. Ni mtoto wa jicho. Wenye nao tunawaona kila wiki."

"Na hukusema?"

"Ulikuja kuniita, mzee. Hukuja kupimwa."

Mzee akamgeukia. Sindano alimjua baba yake. Ule ndio uso aliokuwa akiutumia kutazama ukuta kabla hajatoa hukumu.

"Kinatibika?"

"Kuahidi siwezi, mimi nasugua lenzi tu. Daktari wa macho anakuja dukani kwetu kila Alhamisi. Wengi wao anawatoa ule ukungu, anawawekea kilenzi kidogo ndani, wanarudi kusoma. Wengine wanarudi kunigombeza kwamba duka letu chafu, hawakuwa wanaliona."

Mzee akacheka, safari hii kweli. Kisha akasimama, akapapasa hewani mpaka akalipata bomba.

"Chombo kiko wazi sasa?"

"Kiko wazi."

"Nilengee."

Mnajimu akalenga. Mzee akainama.

"Hakuna pete," mzee akasema. Polepole, anatafuta neno. "Kuna mwanga. Kama taa imepakwa siagi."

"Basi ndiyo hiyo, mzee," Mnajimu akasema. "Pete iko humo kwenye siagi."

Mzee hakuinuka mara moja. Alikaa na mwanga wake.

"Hiyo nyota yako itakuwepo hapo mpaka lini?" akauliza, jicho bado liko pale.

"Jioni kama hizi, miezi minne hivi. Kisha inazama mapema, inapotea, mwakani inarudi."

"Wenye vigae wanataka jibu Jumapili," mzee akasema. "Nitawaambia sina. Siku nikiiona hiyo pete kwa jicho langu mwenyewe, siku hiyohiyo watu wako waje tuongee. Kabla ya hapo sitaki kumwona mtu na mshenga wake hapa."

Sindano akafunika mdomo.

"Na daktari akichukua miezi mitano?" Sindano akauliza.

"Nitaisubiri izunguke," Mnajimu akasema, akimtazama yeye, wala si mbingu. "Nimesugua kioo miezi saba. Kusubiri najua."

"Alhamisi saa ngapi?" mzee akauliza.

"Saa tatu asubuhi, mzee. Nitakuja kukuchukua."

"Hutanichukua. Nitakuja mwenyewe, ni kuvuka barabara tu." Kisha akaongeza: "Simama ng'ambo ile uniambie magari yakipungua."

* * *

Mnajimu alipoondoka na bomba lake begani, Sindano alimsindikiza hadi langoni. Hawakusema mengi. Alimfunga kifungo cha shati kilichofunguka alipoanguka, na vidole vilikaa pale muda mrefu kuliko kifungo kilivyohitaji.

"Shati hili la nani?"

"La kaka yangu. Ataniua."

"Lete nilifue."

"Likitoka doa la leo, sitakusamehe," Mnajimu akasema. Akaenda, akageuka mara nne.

Sindano alirudi ndani miguu haigusi chini. Baba yake alikuwa mlangoni mwa chumba chake, mkono ukutani. Ghafla furaha yake ikaingia baridi. Alikumbuka lile neno. Mzee amekubali kwenda kwa daktari, amewakataa wa vigae, vizuri. Lakini kijana mwenyewe? Alipoanguka kwa ajili yake, alimwambia nini? Ahsante. Ahsante kijana, kama ukuta mbovu.

"Baba," akasema. "Yeye... umemwonaje?"

Mzee akamgeukia.

"Hajui kuanguka," akasema. "Mtu anayejikwaa huanguka mbele, yeye kaanguka kwa makalio. Nywele ndefu. Anaongea na wakubwa huku anatingisha mguu, nasikia kiti kinavyolia. Na vikombe viwili vile vilikuwa vya mama yako, angechagua pa kutua."

Sindano alisimama palepale, machozi yanamtiririka, anacheka.

"Na wewe," mzee akaendelea, akifungua mlango, "ile kofia uliyoishona. Nilipoipapasa pale mbele. Mshono wake umepinda. Milimita mbili."

Mlango ukafungwa.

Sindano akaitoa kofia mfukoni. Akaenda chini ya taa, akachukua futi yake ya kushonea, akaulaza mshono juu ya meza na kuupima kwenda. Kisha akaupima kurudi.

Milimita mbili kamili.